Lori la Mabanzi

Mkoa wa Njombe haukosi mbao. Misonobari na milingoti imefunika vilima, na kila penye mashine ya kupasulia pana chungu ya mabanzi ambayo mtu mzima huyaona kuni tu. Watoto wa Makambako huona lori la Scania la kuchezea humo. Si ajabu, mji wao ni njia panda: barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, ya Njombe na Songea inachepuka hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo hapo.

Ufundi wenyewe uko kwenye tairi. Ndala iliyochoka hulazwa, kizibo cha soda kikawekwa juu ya soli, wembe ukakizunguka. Ndiyo maana matairi yote hutoka sawa. Katikati hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto, tundu likiwa jembamba kuliko spoki ya baiskeli ambayo ndiyo ekseli, ili tairi libane na spoki ndiyo izunguke ndani ya mbao. Kisha tela. Hilo huunganishwa na kichwa kwa msumari mmoja, na msumari huo haugongwi hadi mwisho. Ukizama sana, tela linakataa kona. Ukilegea, linalala kwenye mteremko wa kwanza. Kati ya hapo na hapo pana nafasi finyu, nayo haina rula. Fundi wa miaka tisa anagonga, anasukuma, anachungulia, anagonga tena. Hapo ndipo mimi humvulia kofia.

Lori likishatembea, dunia yake hufuata: barabara huchongwa kwenye ukingo wa udongo mwekundu kwa upana wa tela, daraja la mianzi, ng'ombe wa udongo wa mfinyanzi wa kukatiza ovyo. Mmoja dereva, mwingine tandiboi, na asiye na gari huwa askari wa mizani, cheo kitamu kuliko vyote.

Seremala Ole Kirk Christiansen wa Billund, Denmark, naye alianza na vitu vya kuchezea vya mbao, mwaka 1932. Tofali la plastiki tunalolijua la Lego, kampuni aliyoianzisha, liliombewa hataza 1958. Ni tofali zuri, ila vipimo vyake vimeshamalizwa kiwandani. Makambako kipimo anakitafuta mtoto mwenyewe, na kwangu huo ndio ufundi mkubwa zaidi.

Basi ndala ikikatika ukanda, usiitupe jalalani. Wape watoto. Soli moja ya mtu mzima inatosha lori na tela lake, kizibo wanacho.