Ribiti Kwanza: Mashua ya Alumini kwa Mabwawa ya Tana

Maji ya bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, hupanda na kushuka kwa kufuata mvua. Kiangazi kikikaza, ukingo hurudi nyuma na mvuvi wa Mbeere hubaki akiburuta mashua ya mbao iliyokwisha kunywa maji, kwenye tope. Ndiyo maana naipigia debe alumini. Mita moja ya mraba ya bati lake la milimita 2 ina uzito wa kilo 5.4, chuma cha unene huo ni karibu kilo 15.7. Mashua ya mita 4 hula mita za mraba tisa hadi kumi, kwa hiyo ganda lake halizidi kilo 55.

Kikwazo kwa anayejenga nyumbani Embu au Meru ni kuunganisha. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini ngozi ya oksidi iliyo juu yake hustahimili zaidi ya nyuzi 2,000. Fundi aliyezoea kuchomelea mageti husubiri chuma kiwe chekundu. Alumini haimpi dalili hiyo, huanguka ghafla na kuacha tundu. Kazi hiyo inataka mashine ya TIG ya umeme wa AC, gesi safi ya agoni na mkono uliofunzwa.

Lakini si lazima kuchomelea. Kampuni ya ndege ya Grumman ya Marekani ilipogeukia mitumbwi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilishona mabati kwa ribiti, kama ilivyoshona ndege. Fundi wa bati wa jua kali, anayekunja masanduku kila siku, yuko karibu zaidi na njia hiyo kuliko anavyodhani.

Asichukue bati la sufuria. Ni laini mno. Atafute aloi ya 5052 au 5083. Umbo alikate kwanza kwa kadibodi, kwa sababu bati bapa hukubali kupinda upande mmoja tu kwa wakati. Linalogoma kwenye kadibodi litagoma kwenye alumini. Bati la kawaida lina urefu wa mita 2.44, hivyo sakafu itakuwa na kiungo. Kiungo hicho kikae juu ya taruma, yaani ubavu wa mashua, mabati yapandane, na ribiti zipangwe safu mbili zinazopishana.

Ribiti ziwe za alumini, ngumu, zisizo na tundu katikati, kwani zile za bunduki ya mkono huvuja. Kwa kipenyo cha milimita 5, nafasi kati yake iwe milimita 20 hadi 25, na zisikaribie ukingo wa bati chini ya milimita 10. Katikati ya mabati hupakwa gundi ya poliyurethani, ndiyo kalafati ya chombo hiki. Misumari ya chuma isitumike kabisa: ikilowa huila alumini.

Alumini huzama. Mashua ya kilo 60 iliyojaa maji huondoa lita 22 tu za maji kwa alumini yake, kwa hiyo inahitaji lita 38 za hewa iliyofungwa ili ielee, kabla hata ya kuhesabu injini. Mitungi miwili ya lita 20 inatosha kwa mashua tupu. Mimi ningefunga minne chini ya viti, maana katika mabwawa ya Masinga na Kamburu kuna mamba na viboko.

Kabla ya kuipeleka bwawani, iweke juu ya vigogo uani na uijaze maji kwa ndani. Zunguka chini yake na chaki, weka alama kila ribiti inayotoa jasho, mwaga maji, kisha zigonge upya ribiti hizo.