Cavapoo: Manyoya Yamepangika, Tabia Haikupangika

Mwaka 1989, Wally Conron wa Australia alimpandisha Labrador na Poodle ili kumpatia mbwa kiongozi mama asiyeona wa Hawaii, ambaye mumewe alikuwa na aleji. Fomula ile ile hutumika pia kwa mbwa wadogo. Cavapoo, chotara wa Cavalier King Charles Spaniel na Poodle, ni zao lake mojawapo.

Upande wa manyoya, fomula inafanya kazi. Badiliko katika jeni ya RSPO2 ndilo linaloleta masharubu na nyusi nene, na hupunguza upukutikaji. Nakala moja inatosha. Poodle kwa kawaida anazo mbili, Cavalier hana hata moja, hivyo kila mtoto wa kizazi cha kwanza anaipata. Ukiwapandisha watoto hao wao kwa wao, takriban mmoja kati ya wanne atatoka uso mtupu, na atapukutisha. Mnunuzi atalalamika kauziwa bandia, kumbe ni hesabu tu.

Lakini unywele usioanguka chini hunasa kwenye wenzake. Mafundo huanzia karibu na ngozi: nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingo, huku juu mbwa akionekana nadhifu. Brashi ya juujuu inadanganya. Chanuo la chuma lazima lifike kwenye ngozi, tena kabla ya kumwogesha, maana maji huyakaza mafundo. Kinyozi ni kila baada ya wiki sita hadi nane, gharama ambayo muuzaji huwa haitaji.

Aleji yenyewe haikutatuliwa. Kinachowasha ni protini za mate na ngozi, hasa Can f 1. Watafiti wa Uholanzi walipowapima mwaka 2012 mbwa wanaosifiwa kuwa salama, Labradoodle wakiwemo, walikuta manyoya yao yana Can f 1 nyingi kuliko ya mbwa wengine.

Tabia nayo ni kaidi zaidi. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000 ulionyesha kuwa aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo “upole wa Cavalier, akili ya Poodle” ni maneno ya sokoni. Ugonjwa wa vali za moyo unaowaandama Cavalier, huo ndio urithi wa kuuliziwa vipimo vya mzazi.

Kinachofinyanga tabia kwa kiasi kikubwa ni majuma ya 3 hadi 14 hivi, mtoto anapozoea watu, kelele, chanuo, na kubaki peke yake dakika chache. Mnunuzi humchukua akiwa na wiki nane au zaidi, muda huo ukiwa umekwisha karibu nusu. Mimi ningemuuliza muuzaji mbwa huyu amelelewa sebuleni au bandani, na kama amewahi kusikia mashine ya kunyolea, kabla sijauliza bei.