Vieilles vignes: neno zuri, lakini tuangalie Priorat

Bandugu, mukifika kwenye sherehe ya soutenance ao ya ndoa na mtu akaleta divai nyekundu ya bei, lazima mmoja atasoma etiketi kwa sauti: "vieilles vignes!" Na wote wanaitika kwa heshima, kama vile uzee wa mti umeshaingia kwenye glasi. Kumbe kule Ufaransa kwenyewe hakuna sheria inayosema mzabibu unaanza kuitwa mzee ukiwa na miaka mingapi. Wa miaka 25, wa miaka 90, neno ni lile lile. Ndiyo maana nataka tuongee juu ya Priorat, sababu kule uzee ni wa kweli, na bado mnunuzi anaweza kuelewa vibaya kile anacholipia.

Priorat ni eneo dogo la milima huko Katalonia, Hispania, ndani kidogo kutoka mji wa Tarragona. Wamonaki Wakartusi walijenga kule monasteri ya Scala Dei katika karne ya 12, na jina la eneo linatoka kwao. Udongo wake hautoi moyo hata kidogo: mawe meusi ya bapa yanayovunjika tabaka kwa tabaka, wenyeji wanayaita llicorella. Mzizi unapenya kwenye nyufa kutafuta maji chini. Miteremko ni mikali, mahali pengi trekta haipandi. Mwisho wa karne ya 19 ikaja filoksera, kile kidudu cha mizizi, ikamaliza mashamba, na watu wakaenda kutafuta maisha kwingine. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimebaki hekta kama 600 tu.

Hapa waandishi wengi wa divai wanapita mbio. Wanaongea juu ya ile mizabibu mizee ya grenache na carignan kama urithi uliotunzwa kwa upendo. Hapana. Mingi ilibaki kwa sababu kung'oa na kupanda upya ni pesa, na vijana walikuwa wameondoka. Umaskini ndio uliilinda. Mzabibu mzee unazaa kidogo sana, na mkulima anayelipwa kwa kilo hawezi kuupenda mti wa namna hiyo.

Halafu kikaja kikundi cha watu wa shule: René Barbier, Álvaro Palacios, Daphne Glorian, Carles Pastrana, na Josep Lluís Pérez, mwalimu wa biolojia. Mavuno ya 1989 waliyaweka pamoja katika kijiji cha Gratallops, wakatengeneza divai moja, lakini wakaifunga kwa etiketi tano tofauti. Soma tena: divai moja, majina matano. Ni kuanzia 1992 ndipo kila mmoja alitengeneza ya kwake. Siwalaumu, walikuwa hawana pesa. Ila mtu akikuambia kwamba kila jina lilikuwa na roho yake tangu siku ya kwanza, cheka kidogo.

Tuchukue Clos Mogador ya Barbier, ndiyo mfano mzuri wa mchanganyiko ule. Ndani kuna grenache na carignan, pamoja na syrah na cabernet sauvignon zilizoletwa kutoka nje. Divai nzito, yenye pombe nyingi, inayokumbusha majani makavu ya mlimani na jiwe lililopigwa na jua. Nzuri, ndiyo. Lakini kwa maoni yangu, ile cabernet na mapipa mapya ya mwaloni vilikuwa kama koti la kuazima: mnunuzi wa dunia alikuwa amezoea ladha ya Bordeaux, basi wakamvalisha mzee wa kijiji koti hilo ili apokelewe mjini. Lilifanya kazi yake. Bila koti hilo, pengine mizabibu mingi ingekuwa kuni leo. Lakini Palacios na L'Ermita yake, iliyoanza 1993 na kusimama hasa juu ya grenache ya zamani, alionyesha kwamba yule mzee alikuwa na sauti yake mwenyewe. Na carignan, iliyodharauliwa miaka mingi kama zabibu ya kujaza mapipa, leo inatoa baadhi ya chupa safi kuliko zote za eneo hili.

Bei sasa. L'Ermita inauzwa kwa bei kubwa sana. Uzee umekuwa biashara, na hapo ndipo uthibitisho unahitajika. Afrika ya Kusini, ambayo divai zake tunaziona kwenye maduka ya huku, imefanya jambo ambalo Ulaya nzima ilipaswa kulifanya mbele: tangu 2018 mizabibu ya miaka 35 na zaidi inaweza kupewa muhuri wa Certified Heritage Vineyards, na mwaka wa kupandwa unaandikwa juu ya chupa. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la divai, OIV, nalo likachukua miaka hiyo 35 kuwa kipimo. Mwanafunzi wa agronomia ataelewa haraka faida ya tarehe: inahesabika, inachunguzika.

Lakini muhuri unaonyesha umri wa mti tu. Yule mzee mwenye shamba alilipwa ngapi kwa kilo, hilo bado halijaandikwa kwenye etiketi yoyote niliyowahi kusoma.