REIKI: SANADI ILIYOUNGANA, MATINI ILIYOGEUZWA

Kwa Jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu.

Wanavyuoni wa usuli wana kanuni mashuhuri: kukihukumu kitu ni tawi la kukielewa. Mufti asiyejua kilichomo chunguni hawezi kusema kuwa chakula ni halali au haramu. Kanuni hii imesahauliwa katika mengi yanayosemwa na Waislamu kuhusu Reiki, yale matibabu ya kumwekea mgonjwa mikono yaliyotoka Japani na kuenea Marekani na Ulaya. Wako wanaosema kuwa ni uchawi mtupu, wala hawaleti ushahidi. Wako wanaosema kuwa ni nishati tu, haina dini, hivyo Muislamu akitanguliza Bismillahi hana neno. Pande zote mbili zinahukumu nguo, mwili hawajautazama. Basi na tuazime mizani ya wataalamu wa Hadithi: tuanze na sanadi, kisha matini.

Sanadi

Mwanzilishi ni Mikao Usui, aliyezaliwa mwaka 1865. Jiwe la kumbukumbu ambalo wanafunzi wake walilisimamisha mwaka 1927 katika hekalu la Saihoji, mjini Tokyo, linaeleza kuwa alifunga siku 21 katika mlima Kurama, akahisi nguvu juu ya kichwa chake, na mwaka 1922 akaanzisha jumuiya yake. Baada ya tetemeko kubwa la Septemba 1923 aliwahudumia majeruhi wengi. Alifariki Machi 1926. Mmoja wa wanafunzi wake, Chujiro Hayashi, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua zahanati yake mjini humo. Hapo ndipo alipofika mwaka 1935 Hawayo Takata, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1900 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, kwa wazazi waliotoka Japani. Alikuja akiwa mgonjwa, akatibiwa, akajifunza, akarejea Hawaii mwaka 1937. Mwaka uliofuata Hayashi akampa ijaza ya kufundisha. Karibu Reiki yote ya Magharibi inapitia kwa mama huyu.

Kwa hiyo sanadi imeungana. Kila mmoja alikutana na aliye juu yake. Kasoro haiko hapo.

Matini

Kasoro iko katika yale aliyoyapokeza. Takata aliwasimulia Wamarekani kuwa Usui alikuwa Mkristo, mkuu wa chuo cha Doshisha mjini Kyoto, aliyetafuta siri ya uponyaji wa Yesu mpaka akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Chicago. Watafiti walipoviuliza vyuo vyote viwili, hakuna kilichokuwa na kumbukumbu yake. Na kaburi lake liko katika hekalu la Kibudha. Ilisemwa pia kuwa waalimu wote waliobaki Japani walimalizika vitani, kana kwamba Takata ndiye njia pekee. Kumbe jumuiya ya Usui ilikuwa ingali ikiendelea kimya kimya.

Katika mikutano ya Usui yalisomwa mashairi ya Mfalme Meiji. Magharibi yaliachwa. Katika yale mafunzo matano ya tabia, kama kuepuka hasira na kufanya kazi kwa bidii, likaingizwa la kuwaheshimu wazazi, waalimu na wazee. Ni neno jema, lakini si la mwenyewe. Wataalamu wa Hadithi huita hali hii idraji, yaani mpokezi kuingiza maneno yake ndani ya matini.

Kisha kuna kisa cha ombaomba. Takata alisimulia kuwa Usui aliwatibu bure, wakapona, halafu wakarudi kuombaomba, naye akajifunza kuwa kisicholipiwa hakithaminiwi. Msimulizi wa kisa hicho alitoza dola 10,000 kwa daraja ya ualimu, na hadi alipofariki Desemba 1980 alikuwa ametoa waalimu 22. Habari inayounga mkono maslahi ya mpokezi wake huchunguzwa mara mbili. Tusimdhulumu: ujira wa tiba kwa asili yake si haramu. Abu Said al-Khudri (R.A.) na wenzake walipewa kondoo kwa kumsomea Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu, na Mtume (S.A.W.) akaridhia. Lawama si ya malipo, ni ya kumsingizia aliyekufa ili kuyahalalisha.

Baada ya Takata milango ikafunguliwa zaidi. Waalimu wa Magharibi wakaingiza vituo vya nishati vya Wahindi, mawe na malaika, na daraja ya kwanza ikawa inapatikana kwa mwisho wa wiki mmoja.

Tuwe waadilifu. Tangu Desemba 1941, Japani iliposhambulia Pearl Harbor, kila cha Kijapani kilishukiwa Hawaii. Mtu aliyetaka tiba yake ipokewe katika mazingira hayo tunaweza kufahamu kwa nini aliivisha joho la Kikristo. Lakini kufahamu sababu ya tadlisi hakuigeuzi kuwa ukweli. Na wenye joho wenyewe walikuja kulikataa: Machi 2009 maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitoa mwongozo wa kukataza Reiki katika taasisi zao.

Hukumu

Hapa ndipo historia inapoingia katika fiqhi. Ibn Hajar katika Fat-hul-Bari ametaja masharti matatu ambayo wanavyuoni wameafikiana juu yake katika ruqya: iwe kwa maneno ya Mwenyezi Mungu au majina na sifa Zake, iwe kwa Kiarabu au kwa lugha ambayo maana yake inafahamika, na iitakidiwe kuwa haiathiri yenyewe ila kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu.

Tuipime Reiki. Katika daraja ya pili mwanafunzi hupewa alama za siri za kuchora na kutaja. Watafiti wanairudisha mojawapo kwenye herufi ya Kisanskriti inayomwakilisha Amida, Budha anayeombwa na Wabudha wengi wa Japani. Wanafunzi wengi wa Magharibi huichora bila kujua. Sharti la kwanza limeanguka, na la pili nalo limeanguka. La tatu halisimami pale nguvu hiyo inapoaminiwa kuwa na akili ya kujua yenyewe ugonjwa ulipo. Wala hakuna pa kukimbilia kwa kusema ni dawa iliyothibiti: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 kuhusu wasiwasi na mfadhaiko hayakupata ushahidi wa kutosha kuwa Reiki inafaa.

Wapo leo Waislamu wanaoondoa alama hizo na kuweka Majina Matukufu mahali pake, wakaiita tiba ya Kiislamu. Hilo ni lile lile alilolifanya Takata, ila joho limebadilika. Kinachozingatiwa ni uhakika wa mambo, si majina yake. Ukiondoa alama, silsila, na ile nguvu inayoitakidiwa, kilichobaki ni mkono juu ya mgonjwa na dua, na hayo tunayo katika Sunna bila ya daraja wala siri.

Na mizani hii isiishie kwa Wajapani. Kombe na mazinguo ya kwetu, yakiandikwa kwa talasimu asizozijua hata mwandishi wake, yanaangukia katika sharti lile lile la pili. Asiyekubali siri ya Tokyo asiikubali ya mtaani kwake.

Wallahu a'lam.