Nyumba ya Mwandishi Nayo ni Matini: Kutoka Nyumba ya Kandt hadi Mbogani

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kupata uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii naomba waniwie radhi, maana ninakusudia kuhakiki nyumba. Sababu ni swali la mwanafunzi mmoja. Tulikuwa tumetoka Kagarama kwa basi kwenda Nyarugenge kuitazama Nyumba ya Kandt, na tulipokuwa tukirudi akaniuliza: "Mwalimu, huyu bwana alikuwa anazungumza na watu kwa lugha gani?" Nilimjibu kwa kifupi garini. Hapa nataka kumjibu kwa kirefu kidogo.

Richard Kandt alizaliwa Posen mwaka 1867, akasomea udaktari, akaja Afrika kutafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1898 aliufuata mto Rukarara katika msitu wa Nyungwe na kudai kwamba ndiko Nile inakoanzia. Mwaka 1907 akateuliwa kuwa Rezidenti wa Wajerumani katika Ruanda na kuanzisha kituo ambacho leo ni jiji la Kigali. Alifariki mwaka 1918. Hayo wanafunzi wetu wengi wanayajua. Wasilolijua ni kwamba alikuwa mwandishi, na kwamba kitabu chake cha safari, Caput Nili, kilitoka mwaka 1904, kabla hajawa mtawala. Nyumba inayobeba jina lake kwa miaka kadhaa ilikuwa makumbusho ya historia asilia, kisha mwaka 2017 ikafunguliwa upya kwa mpangilio mwingine: maisha ya Wanyarwanda kabla ya ukoloni, kipindi cha ukoloni, na historia ya Kigali. Huo ni uamuzi wa kihakiki. Aliyeipanga nyumba ameisoma kama nyumba ya mji, hakuisoma kama nyumba ya mwandishi. Simlaumu, jiji lilihitaji mahali pa kusimulia chimbuko lake. Ila mgeni anaweza kutoka akiwakumbuka nyoka kuliko kitabu.

Sasa lugha. Misafara iliyotoka pwani na Tabora kuja huku iliendeshwa kwa Kiswahili, na utawala wa Wajerumani katika Afrika Mashariki ulikitumia Kiswahili kama lugha ya kazi. Wapagazi, askari, makarani na wafanyabiashara waliokuja na utawala huo ndio waliokileta Kiswahili katika kituo cha Kigali, na si ajabu kwamba hadi leo Kiswahili kikitajwa mjini kwetu, Biryogo nayo hutajwa. Kwa hiyo mlango wa Kandt ni moja ya milango ambamo lugha tunayoifundisha iliingilia nchi hii. Inashangaza kidogo kwamba mwaka uleule wa 2017 nyumba ilipofunguliwa upya, Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini mwalimu wa Kiswahili hawezi kuyatenganisha.

Hoja yangu ni hii. Kukarabati nyumba ya mwandishi ni kuihakiki. Fundi hawezi kuirudisha nyumba katika miaka yake yote kwa mara moja. Lazima achague mwaka mmoja, mkazi mmoja, samani fulani na rangi fulani, kisha vingine avifute. Kabla ya fundi anapaswa kuja mtafiti, naye ana hatimiliki, picha, barua na kumbukumbu za wazee. Mhakiki wa fasihi ana haki ya kuuliza kama yaliyochaguliwa yanatokana na ushahidi au na mapenzi ya watalii.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika ukanda wetu uko Nairobi. Nyumba ya Mbogani, chini ya vilima vya Ngong, ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren. Karen Blixen aliingia humo mwaka 1917 na mumewe, akabaki hadi 1931. Shamba lilikuwa na ekari zipatazo 6,000, na kati ya hizo 600 tu ndizo zilizopandwa kahawa, tena mahali pa juu mno kwa zao hilo. Shamba lilipofilisika, ardhi ilinunuliwa na Remy Martin, akaikata viwanja vya ekari 20 ambavyo ndivyo vilivyozaa mtaa wa Karen. Nyumba ikapita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na kumbukumbu za ardhi zimewahifadhi kwa majina. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru. Ikawa mahali pa chuo cha lishe. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1986, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Tazama tarehe hizo mbili za mwisho. Kwa zaidi ya miaka 20 nyumba ilikuwa mali ya taifa bila kuwa makumbusho. Kilichoigeuza ni filamu ya mwaka 1985 iliyotengenezwa kutokana na kitabu cha Blixen cha mwaka 1937. Filamu yenyewe haikupigwa ndani ya nyumba hiyo, lakini baadhi ya vifaa vyake vilibaki vikawa sehemu ya maonyesho. Wakati huohuo makumbusho yalifanya kazi ya kitafiti inayostahili sifa: samani ambazo Blixen aliziuza alipoondoka zilikuwa zimenunuliwa na Lady McMillan kwa ajili ya maktaba ya kumbukumbu ya mumewe mjini Nairobi, na nyingi zikatafutwa na kurudishwa. Hivyo katika nyumba moja kuna kitu alichokigusa mwandishi na kitu alichokigusa mwigizaji. Katika taaluma yetu tungesema matini asilia imechanganywa na tafsiri yake. Mhariri wa miswada anayefanya hivyo bila kuweka alama hapewi shahada. Kila kifaa cha filamu kinapaswa kuwa na kibandiko kinachosema hivyo kwa herufi kubwa, na ikiwezekana kikae chumba chake.

Ugumu mkubwa zaidi uko nje, kwenye uwanja. Nyasi zilizofyekwa vizuri na mitambo ya zamani ya kahawa vinapendeza, lakini shamba lile halikuwa bustani. Lilikuwa na familia nyingi za Wakikuyu walioishi hapo kama maskwota, wakilipa kwa kazi haki ya kukaa juu ya ardhi. Alikuwapo Farah Aden, Msomali, msimamizi wa nyumba. Alikuwapo Kamante Gatura, aliyekuja kutibiwa vidonda vya mguu akiwa mtoto kisha akawa mpishi, na ambaye masimulizi yake mwenyewe yalichapishwa mwaka 1975 katika kitabu kilichoandaliwa na Peter Beard. Blixen alipokuwa akiondoka aliwapigania wapangaji wake wapewe ardhi mahali pamoja, wasitawanywe. Hilo ni la haki kulisema. Ni la haki pia kukumbuka kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu cha insha cha mwaka 1993, alimshutumu kwa namna alivyomchora Mwafrika karibu na mnyama wa kufugwa. Ukarabati unaoishia kwenye veranda umekwisha kuamua kesi hiyo upande mmoja. Ukarabati unaoweka alama pale palipokuwa na boma la mpishi, hata kama ni jiwe tu lenye jina, unamwachia mgeni aamue.

Linganisha sasa na kwetu Waswahili. Karen Blixen alifariki mwaka 1962, nyumbani kwao Rungstedlund alikozaliwa, na nyumba hiyo nayo ni makumbusho tangu 1991, kaburi lake likiwa chini ya mti katika uwanja uliotengwa kwa ajili ya ndege. Mwaka huohuo wa 1962 alifariki Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, akazikwa Machui, Tanga. Mwandishi mmoja ana nyumba mbili za makumbusho katika mabara mawili. Kuhusu huyu wa pili, nawauliza walimu wenzangu: nani kati yetu amewahi kuwapeleka wanafunzi Machui, au hata kuwaonyesha Machui kwenye ramani?

Mtu atasema Blixen alikuwa na nyumba ya mawe yenye hati, na Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali aliyehamishwa huku na huko, Pangani, Mpwapwa, kisha Tanga. Ni kweli. Nyumba za kupanga na za kazi hazihifadhi jina la mpangaji. Lakini hiyo ni sababu ya kutafiti zaidi, si ya kukata tamaa. Ametuachia tawasifu. Ametuachia barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958, ambazo zimehaririwa na kuchapishwa. Blixen naye barua zake ndizo zinazomsaidia mtunza makumbusho kujua kiti kilikaa wapi. Sisi barua za Shaaban Robert tunazisoma kwa ajili ya falsafa na maadili tu. Sijaona tasnifu katika idara yetu iliyozisoma kwa kalamu ya mtu anayechora ramani: alikaa wapi, alijenga nini, kwa fedha gani, na nani alikuwa jirani. Na tusidhani mahali pa fasihi husubiri. Ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, uliojengwa na wanakijiji wenyewe kwa ajili ya tamthilia ya mwaka 1977, ulibomolewa na serikali mwaka 1982.

Hatuwezi kuezeka paa sisi. Tunachoweza ni kazi inayotangulia paa. Wazee wa Biryogo wanaokumbuka waliyosimuliwa na babu zao juu ya Kiswahili cha Kigali ya mwanzo hawaongezeki, na kinasa sauti ni bei ya daftari chache. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetafuta mada ana mada hapo, dakika chache kutoka mlangoni pa Kandt.

Kwa kuanzia, darasa langu limepewa neno moja tu. Maelezo ya kawaida ni kwamba Mbogani maana yake ni nyumba ya msituni. Ukiondoa kiambishi cha mahali, -ni, kama katika shambani na mwituni, unabaki na mboga, na mboga si msitu. Je, ni Kiswahili cha walowezi, ni Kikuyu kilichovishwa -ni, au ni kosa la aliyelisikia neno akaliandika? Mmoja amekwisha kuniletea jibu kwamba Karen Blixen alikuwa akilima sukuma wiki. Nimemrudisha maktaba.