Sindano Isiyokata Uzi

Ukitaka kujua kofia ya viua kama ni ya mkono au ya mashine, usiitazame ikiwa kichwani mwa mtu. Muombe mwenyewe akupe, uigeuze upande wa ndani, uinyanyue mbele ya dirisha. Ya mashine huko ndani ni vurugu tupu: nyuzi zimechomoza, kingo za matundu zimetoka manyoya. Ya mkono utashindwa kujua upi ni uso na upi ni mgongo.

Nilipata kumtazama bibi mmoja wa Mwembetanga, Unguja, akiifanya kazi hii. Alikuwa mkekani, miguu kainyoosha, subana kidoleni. Kitambaa chake cheupe cha tabaka mbili kilikuwa kimeshachorwa kwa penseli na mtu mwingine, maana si kila anayeshona anajua kuchora. Alichoma sindano katikati ya kiduara, wala hakuichomoa. Aliizungusha taratibu, nyuzi za kitambaa zikajisogeza pembeni bila kukatika hata mmoja, tundu likafunguka. Ndipo akaanza kuuzungushia uzi ukingo wake, akiuvuta kila mara kwa nguvu ileile. Ukivuta mno, kitambaa hukunjamana na kofia haitakaa duara. Ukilegeza, ikifuliwa mara mbili tatu tundu linafumba. Nikamuuliza kwa nini asitoboe kwa mkasi mdogo, amalize upesi. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini wali usipikwe bila maji.

Na hicho ni kiua kimoja. Kofia nzima ina mamia, na kila kimoja kinataka mkono uleule, leo na baada ya wiki tatu, mwenyewe akiwa mzima au anaumwa kichwa.

Wazee hawakuipamba kofia kwa matundu haya ili ipendeze tu. Pwani ni joto, na viua hupitisha upepo. Vaa kofia ya nailoni mchana wa Machi, ukae nayo khutba nzima, utaona kichwa kinavyochemka.

Kuitunza nako kulikuwa kazi yenye heshima zake. Nyumbani kwetu kofia ya babu haikuchanganywa na nguo nyingine. Ilifuliwa Alhamisi, ikatiwa buluu kidogo na wanga mwepesi, ikavalishwa faroma, kile kigogo cha mti kinachoizuia isinywee. Bibi alipita juu yake na ncha ya sindano butu, akikizibua kila kiua kilichojaa wanga. Sisi watoto tulikatazwa hata kukaribia. Ijumaa asubuhi kofia ilivuliwa kigogoni ikiwa imesimama wima, nyeupe, na babu akaivaa kwa mikono miwili. Leo faroma nazitafuta majumbani sizioni. Za nini, na kofia zenyewe ni za kutupwa?

Kofia hii huitwa pia baraghashia, jina linalohusishwa na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Ng'ambo ya bahari, Oman, kofia ya aina hii huitwa kumma na ni vazi la taifa. Mpaka leo wako wanawake wa Unguja na Pemba wanaoshonea soko la huko. Yaani kofia nzuri tunazo, lakini zinapanda ndege. Sisi tuliobaki tunakwenda sokoni Darajani mkesha wa Idd, tunachagua ya mashine kwenye rundo, Idd ya pili inatufia.

Siwalaumu wasichana wasiotaka kukaa mkekani. Wamewaona mama zao wakiharibu macho kwa koroboi, kisha mnunuzi anaishika kofia ya wiki nyingi na kusema, "Punguza, bibi." Mnunuzi huyohuyo ametoka kununua simu kwa bei iliyobandikwa, hakufungua mdomo. Aibu ni yetu sisi wavaaji. Tumeacha kutofautisha tundu lililofunguliwa na tundu lililochanwa, na asiyeweza kutofautisha atalipia lipi?

Basi Idd ijayo, ukiletewa kofia ya viua ya mkono, igeuze, itazame ndani, umuulize mshonaji imemchukua muda gani. Akishakutajia bei, mlipe yote.