Mbuzi mawe hanaswi kwa chambo

Kondoo mwitu wa milimani huku kwetu hayupo. Wa karibu yuko kwenye majabali ya Sahara. Anayeishi maisha kama hayo ya mwamba hapa nchini ni mbuzi mawe, swala mdogo wa kama nusu mita begani. Kwa mpiga picha wa Korogwe au Handeni, pa kumfuata ni vilima vya Hifadhi ya Mkomazi, nyuma ya Usambara.

Mwaka 1902 mtaalamu wa wanyama Oscar Neumann aliipa aina ya mbuzi mawe wa huku jina la Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyepita bonde la mto Pangani, mto huohuo wa Korogwe, na kamera za vioo na unga wa magnesi. Kitabu chake cha picha kilitoka 1905. Usiku alifunga punda au ng'ombe kama chambo, akatandaza kamba. Mnyama akiigusa, unga unalipuka na kamera inafyatuka. Simba waliingia mtegoni. Kwa mbuzi mawe ni kazi bure: nyama hali, na maji mengi huyapata kwenye majani, hivyo hata kumvizia kisimani ni kupoteza siku.

Mtego wake kajitegea mwenyewe. Dume na jike hushika eneo pamoja, na huacha malundo ya kinyesi wanayoyarudia. Karibu na lundo tazama ncha za vijiti. Mnyama huingiza kijiti taratibu kwenye tezi iliyo mbele ya jicho, akakiachia tone jeusi kama lami. Likiwa bado linang'aa na kunata, wenyewe hawako mbali. Likishika vumbi, hamia mwamba mwingine.

Hapo kaa mbali na lenzi ya milimita 500, askari wa hifadhi kando yako, mtulie. Mmoja atakuwa anakula, mwenzake kasimama juu analinda. Wengi humpiga picha huyo anayelinda wakaridhika. Kwangu hiyo ni picha ya kalenda. Subiri wote wawili waingie kwenye fremu, na ubane lenzi hadi f/11 ili wa nyuma asififie. Wala usidhani mwenye pembe ndiye dume: kwa aina hii majike wengi nao wanazo.

Mwanga unaweza kujifunza bila kulipa kiingilio. Ukuta wa Usambara juu ya Mombo na Mazinde unatazama kusini-magharibi, kwa hiyo asubuhi uko kivulini. Januari jua la jioni huupiga usoni, mwamba ukaonekana bapa. Juni na Julai jua huzama kaskazini zaidi, mwanga ukapita ubavuni na kila ufa ukajitokeza. Manyoya ya mbuzi mawe yana rangi ya jiwe lenyewe. Bila mwanga wa ubavuni anapotea. Kwa mazoezi, mbuzi wa kufugwa wa Handeni wanaopanda mawe wanatosha kabisa.

Mbuzi mawe wakishtuka hupiga mluzi, wakaruka juu kidogo, kisha wakasimama na kugeuka kutazama. Wakati huo wengi wameshashusha kamera. Shata iwe 1/1000, na uache nafasi chini ya fremu: mbuzi mawe husimama juu ya ncha za kwato, na picha iliyozikata inaweza kuwa ya swala yeyote.